Boriti ya Saandia

Mtu akikwambia kuna baba hapa Mutsamudu aliyemwoza bintiye bila kumjengea nyumba, muulize baba huyo anakaa mtaa gani, maana sisi hatumjui. Kwetu mume ndiye anayehamia. Huja na sanduku lake la nguo na msala wake, akaingia nyumba ya mke, na siku wakikosana anayebeba sanduku na kutoka ni yeye. Ndiyo maana mwanamume akipata mtoto wa kike hana raha tena. Huanza kusomba kokoto mtoto bado ananyonya. Chanfi alisomba kokoto za Saandia ujana wake wote, na asubuhi alipotoa mirunda iliyoshikilia dari ya nyumba hiyo, boriti ya katikati ikapasuka mbele ya macho yake.

Bahiat, mkewe, alikuwa uani akipara samaki. Alisikia mlio kama wa mtu aliyevunja muwa gotini, kisha akamwona mumewe ametokeza mlangoni mwa nyumba mpya, vumbi mpaka kwenye kope.

"Mama Saandia, njoo. Ufunge kwanza mlango wa nje."

Akafunga, akaenda. Ufa ulikuwa umepanda kutoka chini ya boriti mpaka juu ya dari, mwembamba, wa kuingia ukucha. Chanfi alikuwa amekwisha kuurudisha mrunda mmoja na sasa alikuwa akigonga kabari ya wa pili.

"Ni pale pale," alisema. "Nilijua ni pale pale."

Bahiat naye alijua. Saruji iliwaishia katikati ya kazi. Baada ya uhuru Wafaransa walifungasha wakabeba mpaka balbu za ofisini, na meli ya saruji ikawa kitu cha kuulizana sokoni. Nusu ya boriti ilimwagwa kabla ya Ramadhani, nusu ya pili ikangoja mpaka mifuko mingine ilipopatikana, na nondo nazo zilikuwa fupi, zikapishana kidogo tu penye kiungo hicho hicho. Fundi mwingine angengoja ipatikane saruji ya kumwaga yote kwa mara moja. Chanfi hakungoja kwa kuwa posa ilikuwa imekwisha kupokewa. Na tusimwonee haya, kulikuwa na jambo jingine. Yeye alikuwa mtu wa Moroni, kisiwa cha Ngazija, aliyeoa katika ukoo wa wanazuoni wa hapa, na miaka yote aliyokaa nasi watu hawakuacha kumwita yule Mngazija wa Bahiat. Nyumba ya binti yake ndiyo ilikuwa iwafunge midomo.

"Tuivunje tuanze upya?" Bahiat aliuliza.

"Kwa saruji ipi?"

Walikaa kizingitini, samaki wakaingiwa na nzi kule uani, hakuna aliyekwenda kuwafukuza.

"Dawa ipo," Chanfi alisema baadaye. "Ile tuliyofanyia kazi gatini nilipokuwa na kampuni. Makopo mawili. Unachanganya, unaisukuma ndani ya ufa, ikiganda zege linarudi kuwa kitu kimoja. Chaehoi, mwenzangu wa kazi, bado analinda ghala lao kule Moroni."

"Gundi ishike nyumba, Baba Saandia?"

"Imeshika gati. Meli zinafungwa pale mpaka leo."

*

Walikwenda Moroni pamoja, kwa kuwa mama yake Chanfi alikuwa amezeeka na Bahiat hakuwa amemtazama siku nyingi. Ghala lilikuwa nje ya mji, njia ya kwenda Itsandra. Chaehoi alikuwa amevaa bado kofia ya kampuni, ingawa kampuni ilipoondoka haikumwachia hata barua ya kwaheri. Kila siku alifagia, kila siku alipanga makopo. Mkewe alisema wanaume wengine hulinda makaburi na huyu analinda rangi zilizokauka.

"Wenyewe wakirudi wakute pamefagiwa," alijitetea Chaehoi.

"Wenyewe hawarudi," alisema mkewe.

Chaehoi alipoambiwa shida iliyowaleta alikwenda pembeni, akarudi na jiwe la zege lililovunjika zamani na kuungwa. Kiungo chake kilionekana, mstari wa rangi ya asali iliyoungua. Akampa Bahiat nyundo.

"Piga, shemeji."

Bahiat akapiga kwa haya, kisha akapiga kwa nguvu. Jiwe lilivunjika, lakini lilivunjika kando. Ule mstari wa asali ulibaki mzima, umeng'ang'ania zege pande zote mbili. Bahiat alicheka, mara ya kwanza tangu boriti ipasuke, na Chanfi alimtazama kama bwana harusi aliyesifiwa.

Hapo mke wa Chaehoi akamwita Bahiat akale. Aliwaacha wanaume wamechutama juu ya makopo, Chaehoi akimtajia mwenzake masharti ya dawa moja moja, kama mtu anavyomkumbusha mwenzake sala anayoijua. Bahiat hakukaa kusikiliza. Mambo ya kazi ni ya wenye kazi, na wali ulikuwa unapoa.

Walipoagana Chaehoi alikataa kupokea chochote. "Ila ndugu yangu, makopo haya yamekaa sana. Yamepigwa na joto. Changanya kidogo kwanza. Ukiona haigandi, usiitie. Nisije nikakuletea msiba."

Chanfi alichanganya kidogo siku ile ile waliyofika nyumbani, juu ya kigae. Asubuhi ilikuwa imeganda ngumu, hata msumari haukuikwaruza. Saandia alikiweka kile kigae dirishani kama pambo.

*

Mchumba wa Saandia aliitwa Toihir. Alikuwa kijana mpole mwenye kusoma, na ndiye karani wa kamati ya vijana ya mtaa. Mnaikumbuka miaka ile. Serikali ilikuwa imewapa vijana nchi, na vijana wakaanza kuifagia. Harusi kubwa marufuku, hirizi marufuku, kombe la zafarani marufuku, na mwanamke aliyejifunika shiromani aliulizwa njiani anamficha nani. Mwalimu mmoja mzee wa mtaa wa juu alikutwa na hirizi chumbani, wakamvisha zote shingoni, wakamnyoa ndevu, wakamtembeza mchana kweupe huku watoto aliowafundisha alifu wakimfuata nyuma. Toihir hakupenda jambo lile. Alimwambia Saandia kwamba hakupenda. Lakini alikuwapo, na daftari lake mkononi.

Kaka yake Bahiat, Mwalimu Charif, alikuwa akifundisha watoto Kurani chuoni kwake na kuwaandikia wagonjwa kombe, kama baba yake na babu yake. Tangu siku ile ya mzee kunyolewa alikuwa amefunga mlango wa uani na kuzika wino wa zafarani chini ya jiwe la kusagia. Aliposikia habari za boriti alikuja, akasimama chini ya ufa, akautazama kwa muda mrefu.

"Boriti haipasuki hivi hivi, Bahiat. Nyumba hii imeonwa kwa jicho baya."

"Fundi anasema ni saruji iliyoisha katikati, kaka."

"Na saruji kwa nini iliisha kwake na si kwa mwingine?"

Bahiat alikuwa binti wa baba yake. Homa zake zote za utotoni zilitibiwa kwa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe zikaoshwa kwa maji, akanywa, akapona. Saandia mwenyewe alikuwa anakuja mguu mmoja mbele, na ni kombe la babu yake lililomgeuza. Ungemwambia nini mwanamke huyo?

Charif alimletea chupa ya maji ya kombe imefungwa kwenye kanga. "Yamimine pale penye jeraha lenyewe, yote. Tone lisianguke mahali pa kukanyagwa. Na asijue mtu."

"Hata Baba Saandia?"

"Mumeo na mkwe wenu wanakaa baraza moja. Kijana yule akiuliza, mumeo hatajua kusema uongo. Unataka kuniona nikitembezwa?"

Hakutaka. Aliichukua chupa, akaificha ndani ya mtungi wa mchele.

*

Chanfi alihangaika na ufa ule kama mama na mtoto wa kwanza. Aliweka seredani za makaa ya vifuu chini ya boriti, siku baada ya siku, mpaka chumba kikawa tanuri. Alipulizia ndani kwa pampu ya baiskeli ili kutoa vumbi. Toihir alikuja kumsaidia kila alipopata nafasi, akavua shati, na kwa kweli alifanya kazi. Ijumaa asubuhi waliziba ufa kwa nje, chini na ubavuni, kwa ile dawa iliyokandwa na unga wa saruji, wakaacha vijibomba vidogo vya kusukumia. Juu ya dari tu ndiko ufa ulikoachwa wazi, ili dawa ikipanda ionekane imefika.

"Kesho tunaitia," alisema Chanfi. Alioga, akavaa kanzu, wakatoka yeye na Toihir kwenda msikitini.

Bahiat alimtuma Saandia kwa jirani. Kisha akaitoa chupa kwenye mchele, akapanda ngazi mpaka juu ya dari. Jua lilikuwa kali na mji ulikuwa kimya, wanaume wote wako Ijumaa. Akapiga magoti penye ufa, akasema bismillahi, akamimina polepole. Alichelea tone lisimwagike kando na kukanyagwa. Wala hapakumwagika kitu. Ufa uliyanywa maji yote, na alipochungulia chini hakuona hata unyevu kwenye boriti. Moyo wake ukatulia. Nyumba imeyapokea, alijisemea.

Na ilikuwaje asiwaze vibaya? Kwa sababu dari ile ile, ilipomwagwa, yeye ndiye aliyeinywesha maji kila asubuhi kwa amri ya mumewe. Kila mke wa fundi anajua zege ni kama mche, ukilinyima maji linakufa. Alijiona ametia baraka na ametia dawa, vyote kwa chupa moja. Alishuka akapika wali wa nazi.

*

Jumamosi Chanfi alichanganya makopo. Dawa ilinuka kama samaki wa juzi, ikapata moto yenyewe ndani ya ndoo, na ilimbidi afanye haraka. Alikuwa chini akisukuma kwa bomba la grisi, Toihir na Bahiat wako juu ya dari kuangalia.

"Inatoka!" Toihir alisema.

"Ya rangi gani?"

"Nyeupe. Kama maziwa."

Bomba likanyamaza. Chanfi alipanda ngazi na mikono yake imejaa gundi, akaitazama ile michirizi myeupe, akaigusa, akaisugua katikati ya vidole.

"Kuna mtu kamwaga maji huku?" alimuuliza mkewe.

Toihir naye aligeuka kumtazama. Alikuwa na macho mazuri, ya mtu asiyemdhania mwenzake mabaya, na Bahiat aliyaona macho hayo na nyuma yake akaiona shingo ya kaka yake imevishwa hirizi.

"Nani apande huku kumwaga maji?" alisema. "Hakuna."

Chanfi alimwamini. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwa amemdanganya jambo la maana, na mtu husadiki alilolizoea. Alisema basi ni vumbi la saruji, akashuka upesi kabla dawa haijamgandia ndani ya bomba. Baadaye ilitoka ya rangi ya asali, wote wakafurahi. Ilipokwisha, makopo yalikuwa matupu, na hapakuwa na mengine.

*

Wiki ya kutoa mirunda ilipofika, Toihir aliwaleta wenzake wawili wa kamati. Dari ya shule ya mtaa ilikuwa na nyufa pia, na walitaka kuona kama yule Mngazija angeweza kuitibu. Mwalimu Charif alikuja kama mjomba wa bibi harusi, na wazee wachache wa ukoo. Hakuna aliyemwita Chanfi Mngazija siku hiyo. Walimwita fundi, na mmoja alimwita shemeji. Alikuwa amevaa shati safi. Bahiat alimwona akilipapasa tumboni kila mara, na alijua furaha imemzidi.

Bahiat alikuwa nyuma ya pazia na sinia la mikate ya kumimina. Alimsikia kijana mmoja akiuliza: "Na kwa nini ulikausha kwa makaa siku zote zile?"

"Maji ndiyo adui wake," alijibu Chanfi. "Saruji yataka maji. Hii ni kinyume. Ikikuta maji ndani ya ufa haishiki, inaganda pembeni tu, na kwa nje huoni tofauti. Ndiyo maana niliogopa mvua kuliko kitu chochote."

Sinia likatua sakafuni. Saandia alidhani mama yake ameteleza, akainama kuokota mikate.

"Kamwite baba yako," alisema Bahiat.

Saandia alikwenda, akarudi. "Anasema anakuja."

"Kamwambie sasa hivi."

Lakini Chanfi alikuwa amekwisha kushika nyundo. Mirunda ya pembeni ilianza kutoka, mmoja mmoja. Kwetu kuna desturi ya mafundi: mrunda wa mwisho huutoa fundi mwenyewe, na akishautoa husimama chini ya kazi yake mpaka Fatiha isomwe na kuisha, ili mwenye nyumba aone kwamba aliyejenga anaiamini. Asiyesimama, nyumba yake hailali mtu. Bahiat aliifikiria desturi hiyo, akapasua pazia akaingia penye wanaume, kichwa wazi.

"Baba Saandia, acha leo."

Wakageuka wote. Chanfi akaishusha nyundo. "Kuna nini?"

Kaka yake alikuwa amesimama ukutani, tasbihi mkononi. Alimtazama tu, na uso wake ulikuwa umepauka. Karibu naye alisimama Toihir na wale wenzake wawili.

"Nimeota vibaya," alisema Bahiat.

Wale vijana wawili wakacheka. Toihir hakucheka, ila aliinamisha kichwa, akamwonea haya mama mkwe wake mtarajiwa. Mzee mmoja alisema wanawake na ndoto zao. Chanfi alimsogelea mkewe, akasema kwa sauti ya chini, sauti ya chumbani kwao:

"Siku zote hizi umesimama nami. Leo mbele yao ndiyo unaniaibisha?"

"Ule ufa..." alianza Bahiat.

"Ufa umekwisha. Nenda kalete mikate."

Hakwenda. Alibaki pale pale, na neno lilikuwa mdomoni, limekamilika, lilihitaji tu kutolewa. Wengi wamemhukumu tangu hapo. Mimi nasema asimhukumu mtu ambaye hajawahi kushika shingo mbili kwa mikono miwili. Chanfi alipiga kabari, mrunda wa mwisho ukaanguka, naye akasimama chini ya boriti, mikono nyuma. Mwalimu Charif alisoma Fatiha. Alisoma haraka kuliko desturi.

Boriti ilishika. Walisema amin, wazee wakaanza kumpa mkono, na Chanfi alimtafuta mkewe kwa macho, akatabasamu kidogo, kama kumwambia, umeona sasa? Bahiat aliivuta pumzi na kumshukuru Mungu. Kisha ule mlio wa muwa ukasikika tena. Chanfi aliwasukuma wazee kwa mikono miwili, wakaanguka nje ya mlango. Yeye hakuwahi.

*

Walimpeleka hospitali ya Hombo wamemlaza juu ya ubao wa mlango. Daktari Mfaransa alikuwa ameondoka na wenzake, akabaki muuguzi mmoja mwenye bandeji za kufua. Alimtazama Chanfi kifuani, kisha akamwambia Charif amsomee. Si neno la muuguzi hilo, lakini hakuwa na jingine.

Chanfi alikuwa na fahamu. Alimshika mkewe kidole, si mkono.

"Nilikosea wapi?" aliuliza.

"Hukukosea."

"Niliikausha. Kipimo kilikuwa sawa." Alisubiri pumzi irudi. "Basi ilikuwa nini, Mama Saandia?"

Upande wa pili wa kitanda Charif alikuwa akisoma Yasini macho kafumba. Mlangoni alisimama Toihir, amejaa vumbi jeupe, analia. Bahiat alipanguza mdomo wa mumewe kwa ncha ya shiromani.

"Pumzika," alisema.

Aliendelea kumtazama, akingoja jibu, na alikufa hivyo, kabla ya magharibi.

*

Siku ya hitima Chaehoi alifika kutoka Moroni. Hakuwa amevaa kofia ya kampuni. Wanaume walikuwa wamejaa uani, kwa sababu nyumba ya Saandia ilikuwa rundo la mawe na nondo, na mazungumzo yalikuwa yale yale. Kwamba Mngazija alijitia ubingwa. Kwamba nyumba haishikwi na gundi. Wazee wa Toihir walikuwa wamekwisha kutuma salamu kwamba mambo ya harusi yangoje kwanza, na kila mtu alijua kungoja huko maana yake nini.

Bahiat alikuwa ndani, amekaa eda, na mjane wa eda haonekani na wanaume. Ukutani kulikuwa na dirisha dogo, na kupitia hapo aliisikia sauti ya Chaehoi.

"Ni mimi," Chaehoi alikuwa akisema. "Makopo yalikuwa mabovu. Nilijua yamekaa sana nikampa. Nimemuua ndugu yangu kwa mikono yangu. Nifanyeni mtakavyo."

Akalia kwa sauti, mtu mzima na tumbo lake. Hapana aliyembembeleza. Mmoja alisema la haula, mwingine akasema basi ndiyo hivyo, Wangazija kwa Wangazija.

Bahiat akasimama. Saandia akamshika nguo. "Mama, eda."

"Niache."

Alitoka mpaka katikati ya wanaume. Juzuu za Kurani zikabaki wazi mapajani mwao. Wengine wakageuza nyuso wasimwone.

"Makopo hayakuwa mabovu," alisema. "Nilikiona kigae mwenyewe, kiko dirishani, kakitazameni. Na mikono ya Chanfi haikukosea. Hakunionya juu ya maji, maana hakudhani kama ningeyamwaga. Ufa ulikuwa mkavu. Mimi nilipanda juu siku ya Ijumaa nikaumwagia maji. Aliponiuliza, nikasema hakuna. Msimseme tena. Alikuwa fundi."

Chaehoi aliinua uso wake uliolowa, akamtazama kama mtu anayeona mlango umefunguliwa na anaogopa kupita. Wa kwanza kupata sauti alikuwa Toihir. Hakuuliza kama karani. Aliuliza kama mtoto.

"Maji gani, mama?"

Bahiat alimgeukia kaka yake. Mwalimu Charif alikuwa amekaa pahali pa heshima, mbele kabisa, Kurani imekunjuliwa mbele yake. Alimngoja. Alimpa nafasi ya kutosha, mpaka wengine nao wakaanza kufuata macho yake yanakwenda wapi. Charif aliweka kidole chake kwenye mstari, akageuza ukurasa, akaendelea kusoma kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Maji tu, mwanangu," alisema Bahiat. "Maji ya mtungi."

Akarudi ndani.

Watu walipokwisha kula na kutawanyika, Saandia aliingia chumbani na bakuli jeupe, amelishika kwa mikono miwili asije akamwaga. Maji yake yalikuwa ya manjano, yananukia zafarani.

"Mjomba ameleta. Anasema unywe, utapata utulivu wa moyo. Anasema usimwambie mtu."

Bahiat alilitazama bakuli. Macho ya Saandia yalikuwa yamevimba. Tangu msiba uingie hakuwa ameuliza atalala wapi maisha yake yote yaliyobaki, wala ataolewa na nani mwanamke asiye na nyumba. Mama yake alimpangusa uso kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu, kama alivyozoea kumpangusa utotoni.

"Mrudishie mjomba wako," alisema. "Mwambie ayanywe yeye."